Ibn Tufail: tabibu wa Marrakesh aliyemtangulia mwanaanga wa Mirihi

Juzi hapa Shimanzi, baada ya sala ya Isha, vijana kadhaa walikaa barazani wakitazama picha ya senema katika simu ya mmoja wao. Picha yenyewe ilikuwa ya mwanaanga aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mirihi. Wenzake wamekwenda zao wakidhani amekufa, naye hana budi kujitafutia hewa, maji na chakula katika nchi isiyo na mti wala mdudu. Nyuma ya vijana hao matangi makubwa ya mafuta yalikuwa yakimulikwa na taa za bandarini, na mgeni asiyekijua kitongoji chetu angeweza kudhani kwamba na hayo ni sehemu ya picha.

Picha ilipokwisha kukazuka mabishano. Kijana mmoja alishikilia kwamba hadithi za namna hii ni za Wazungu peke yao, kwa kuwa wao ndio waliotengeneza maroketi, na kwamba sisi Waislamu wa pwani hatuna letu humo ila kutazama na kushangaa. Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza kando alitikisa kichwa, kisha akauliza kama yuko katika wao aliyepata kulisikia jina la Ibn Tufail. Hakuwako hata mmoja. Makala haya ni kwa ajili ya kijana yule na wenziwe.

Takriban miaka 800 kabla ya binadamu kukanyaga mwezini mwaka 1969, Mwislamu mmoja wa Andalusi, tabibu kwa kazi yake, aliandika hadithi ya mtu aliyejikuta peke yake mahali pasipo binadamu mwingine, akaishi kwa akili yake tu mpaka akakifahamu kila kilichomzunguka. Mzizi wa picha zile zote za mtu mmoja katika sayari ngeni ukiutafuta, haukosi kupita kwake. Basi na tumtazame mtu huyu alikuwa nani.

MTOTO WA WADI ASH

Jina lake ni Abu Bakr Muhammad bin Abdulmalik bin Tufail al-Qaisi. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 12 katika mji wa Wadi Ash, ambao Wahispania leo wanauita Guadix, kaskazini mashariki ya Granada. Andalusi ilikuwa imeingia mikononi mwa Waislamu tangu mwaka 711, na wakati wa utoto wake ilitawaliwa na dola ya Murabitun, watu wa jangwani waliofanya makao yao Marrakesh. Alipokuwa mtu mzima, Murabitun waliangushwa na Muwahhidun, watu wa milima ya Atlas, ambao khalifa wao Abdulmumin aliuteka mji wa Marrakesh mwaka 1147.

Kwa hivyo Ibn Tufail ni mtu aliyeona dola ikianguka na nyingine ikisimama mahali pake. Sisi watu wa Mombasa, ambao wazee wetu walimwona Mreno akija na kutoka, wakamwona Mazrui, wakamwona Busaidi, kisha wakamwona Mwingereza, hatuhitaji kufafanuliwa hali hiyo. Katika nyakati kama hizo mwenye elimu hujifunza mambo mawili: kuifanya kazi yake vizuri, na kuuchunga ulimi wake. Ibn Tufail aliyajua yote mawili.

Alianza kwa uganga wa kitabu, akiwatibu wagonjwa Granada, kisha akawa katibu wa liwali wa mji huo. Mwaka 1154 akawa katibu wa mmoja wa wana wa Abdulmumin aliyekuwa liwali wa Sabta na Tanja, miji iliyo ukingoni mwa ule mlango wa bahari uliopewa jina la Tariq bin Ziyad. Huko alikuwa karibu na nyumba ya kifalme, na ukaribu huo ndio uliompandisha daraja.

Mwaka 1163 Abdulmumin alifariki, na baada yake akatawala mwanawe Abu Yaaqub Yusuf. Huyu alikuwa mtawala wa namna ya peke yake. Alikuwa amekaa Ishbiliya, mji wa wanachuoni, na alipenda vitabu kama wengine wapendavyo farasi. Alivikusanya kutoka kila pembe ya Andalusi na Maghribi, na wenye elimu akawavuta waje kwake. Katika wote hao aliyempenda zaidi ni Ibn Tufail, akamfanya tabibu wake. Mwanahistoria Abdulwahid al-Marrakushi, aliyeandika habari za dola hiyo katika karne ya 13, anasimulia kwamba khalifa alikuwa akikaa naye jumba la kifalme mchana na usiku, hata siku zikapita bila ya tabibu kuonekana nje.

Mwanahistoria huyo huyo anatusimulia jambo la kuchekesha kidogo. Siku ya mshahara Ibn Tufail alikuwa akipokea fungu lake pamoja na matabibu, akapokea tena pamoja na wahandisi, na makatibu, na washairi, hata na wapiga mishale na askari, kwa kuwa katika kila kazi hiyo alikuwa na mkono wake. Naye mwenyewe akifanya mzaha kwamba wakitaka na elimu ya muziki, basi hiyo pia anayo ya kuwauzia. Haya hayakuwa majivuno matupu. Elimu ya utabibu aliitia katika shairi la mistari zaidi ya 7,000, na nakala yake imehifadhiwa katika maktaba ya msikiti wa Qarawiyyin mjini Fas. Wapenzi wa tenzi wa pwani hii, ambao wanajua ni kazi gani kutunga hata beti 500 zenye kufuata urari, watampa haki yake.

SWALI LA MBINGU

Kisa kinachojulikana sana katika maisha ya Ibn Tufail ni cha siku alipomwingiza kijana wake Ibn Rushd mbele ya khalifa. Inasemekana ilikuwa kiasi cha mwaka 1169. Ibn Rushd alikuwa bado hajulikani sana. Khalifa alimwuliza jina lake na nasaba yake, kisha ghafla akamtupia swali zito: wanafalsafa wanasemaje juu ya mbingu, ni za milele au zina mwanzo?

Ibn Rushd aliingiwa na hofu. Swali hilo lilikuwa limewagombanisha wanachuoni kwa muda mrefu, na Imam Ghazali alikuwa ameandika kitabu kizima kuwapinga wanafalsafa, na suala hilo ndilo lililokuwa la kwanza ndani yake. Kijana akakana kwamba amepata kusoma mambo hayo. Khalifa akaiona hofu yake, akamgeukia Ibn Tufail, wakaanza kulizungumza suala lile wao wawili, huku khalifa akitaja maneno ya Aristotle, na ya Plato, na majibu ya wanachuoni wa Kiislamu, mpaka moyo wa Ibn Rushd ukatulia naye akasema aliyokuwa nayo. Alipotoka alipewa fedha, joho la heshima na mnyama wa kupanda.

Baadaye Ibn Tufail alimwita Ibn Rushd akamweleza kwamba khalifa analalamika kuwa vitabu vya Aristotle vina maneno magumu na tafsiri zake hazifahamiki, na kwamba yeye mwenyewe umri umekwenda na kazi za serikali zimemzidi. Akamshauri Ibn Rushd aishike kazi hiyo. Ibn Rushd aliishika, na sherehe zake zikaja kusomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Mlango huo ulifunguliwa na Ibn Tufail, aliyetambua kwamba kijana ana nguvu ambazo yeye hana tena, akampisha.

Hivyo ndivyo alivyofanya pia katika elimu ya falaki. Wakati huo wengi walifuata hesabu za Batlamiyus, aliyesema kwamba sayari huzunguka katika viduara vidogo vilivyopandana juu ya duara kubwa. Ibn Tufail hakuridhika na mpango huo, na alimwambia mwanafunzi wake al-Bitruji kwamba ameona njia nyingine isiyo na viduara hivyo. Yeye hakuiandika, bali al-Bitruji ndiye aliyekuja kuandika kitabu juu ya fikira hiyo, na katika utangulizi akamtaja mwalimu wake. Hesabu zake hazikufua dafu, lakini kule kuthubutu kumhoji Batlamiyus kulibaki. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini mwaka 1217, na Wazungu wakamwita mwandishi wake Alpetragius. Leo liko shimo kubwa usoni mwa mwezi, la upana wa kiasi cha kilomita 40, linaloitwa Alpetragius. Jirani yake ni shimo la Alphonsus, ambamo chombo cha Kimarekani Ranger 9 kilitua kwa kishindo tarehe 24 Machi 1965 baada ya kuupiga mwezi picha. Kwa hiyo ukiutazama mwezi mpevu kutoka Shimanzi, unatazama mahali penye jina la mwanafunzi wa Ibn Tufail.

HAI MWANA WA ALIYE MACHO

Kitabu kilichomweka Ibn Tufail katika vinywa vya watu mpaka leo si kikubwa. Kinaitwa Hayy bin Yaqdhan, yaani Aliye Hai mwana wa Aliye Macho. Jina hilo alilichukua kwa Ibn Sina, aliyekuwa ameandika risala fupi yenye jina hilo hilo, lakini hadithi aliitunga mwenyewe. Katika utangulizi anawapitia waliomtangulia, al-Farabi, Ibn Sina, Imam Ghazali na Ibn Bajja, akieleza alichopata kwa kila mmoja na mahali asipokubaliana naye. Kisha anaacha hoja, anaanza kusimulia.

Katika kisiwa kimoja cha bahari ya Hindi, chini ya mstari wa ikweta, alipatikana mtoto mchanga. Ibn Tufail ametoa riwaya mbili za asili yake. Moja inasema kwamba aliumbika kwa udongo wa kisiwa kile. Ya pili inasema kwamba mamaye, dada wa mfalme wa kisiwa cha jirani, alimwozwa kwa siri mtu ambaye kaka yake hamtaki, na alipojifungua akachelea, akamtia mtoto katika sanduku na kulitupa baharini, mawimbi yakalifikisha ufukoni. Msomaji Mwislamu hapo atamkumbuka Nabii Musa.

Mtoto alilia kwa njaa, akasikiwa na paa jike aliyepotewa na mtoto wake. Paa yule akamnyonyesha na kumlea. Bibi zetu walitusimulia habari za paa wa Sultani Darai, aliyemfadhili maskini mpaka akampatia utajiri. Paa wa Ibn Tufail hakuleta dhahabu wala jumba, alileta maziwa na huruma tu.

Mtoto akakua akiiga sauti za wanyama. Alipofikia miaka saba alijitazama akaona kwamba wenzake wana pembe, kwato na manyoya, naye yu uchi na dhaifu. Akajifunika majani, yakakauka. Akapata tai aliyekufa, akavaa manyoya yake. Akachukua fimbo na kugundua kwamba mikono yake inamtosha badala ya pembe.

Kisha mamaye paa akazeeka, akafa. Hapa ndipo penye kiini cha hadithi. Hayy aliita, hakuitikiwa. Akatazama macho na masikio, hakuona kasoro. Akasema moyoni kwamba lazima kiko kitu ndani kilichoharibika, na kwamba akikipata atakitengeneza. Akampasua kifua kwa mawe makali na vijiti, mpaka akaufikia moyo. Akaona vyumba viwili, kimoja kimejaa damu iliyoganda na kingine kitupu. Akafahamu kwamba aliyempenda alikuwa akikaa mle katika chumba kitupu, naye amekwisha hama. Ibn Tufail alikuwa tabibu, na mtu anayesoma kurasa hizo anatambua kwamba zimeandikwa na mkono uliozoea kuwagusa wagonjwa na maiti. Hayy hakujua la kuufanyia mwili ule mpaka alipoona kunguru wawili wakipigana, mmoja akamwua mwenziwe, kisha akafukua shimo akamzika. Naye akamzika mamaye vivyo hivyo.

Baada ya hapo mambo yakaenda hatua kwa hatua. Moto ulizuka wenyewe katika vichaka vya matete, akaushika, ukamwunguza, akajifunza kuubeba na kuutunza. Akatupa samaki motoni, harufu ikamvutia, akaonja. Akajijengea ghala na mlango wa matete. Akafuga ndege na wanyama wa kumsaidia. Alipotimiza miaka 21 alikuwa na nguo za ngozi, viatu na silaha. Na alipokwisha kushiba, kuvaa na kulala salama, hapo ndipo akaanza kuinua kichwa na kutazama nyota. Akazifuatilia zikitoka na kuzama, akakisia kwamba mbingu ni ya mviringo. Akajiuliza lile swali ambalo khalifa alimwuliza Ibn Rushd, kama ulimwengu una mwanzo au hauna. Akalipima huku na huku, hakuweza kuikata kesi. Lakini akaona kwamba njia zote mbili zinamfikisha mahali pamoja, kwamba yuko Mwenye kuuendesha ulimwengu, ambaye si mwili wala hafanani na mwili. Alikuwa na umri wa miaka 35, wala hakuwahi kusikia neno hata moja la lugha ya binadamu.

KISIWA CHA BAHARI YETU

Tusiipite haraka habari ya mahali. Wengi wa zamani walidhani kwamba chini ya ikweta jua linaunguza hata watu hawawezi kuishi. Ibn Tufail aliwapinga. Alitoa hoja kwamba pale ndipo penye hewa ya wastani kuliko pote, na kwa hivyo pakafaa kwa mtu wa namna ya Hayy. Akataja pia kwamba al-Masudi amekisimulia kisiwa hicho kwa jina la Waqwaq. Al-Masudi ni yule msafiri aliyefika pwani yetu ya Zinji katika karne ya 10. Ibn Tufail hakuja huku, wala hatudai kwamba kisiwa chake ni Mombasa, Pemba au Lamu. Lakini bahari ni yetu, na mstari ni huu unaopita kaskazini yetu kidogo.

Ajabu ni kwamba wenye maroketi nao, walipotafuta mahali pazuri pa kurushia vyombo vyao, walikuja kwenye maji haya haya. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliani walisimamisha minara ya chuma baharini, kwa kuwa karibu na ikweta dunia yenyewe hulisukuma roketi kwa kuzunguka kwake. Tarehe 26 Aprili 1967 walirusha pale setalaiti ya San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa pale setalaiti ya Kimarekani ya kuchunguza nyota, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ya mwisho iliondoka mwaka 1988.

KUTOKA OXFORD HADI MIRIHI

Kitabu kilifikaje kwa wenye senema? Katika karne ya 17 mwanachuoni wa Kiingereza, Edward Pococke, alikaa Halab ya Sham kama kasisi wa wafanyabiashara Waingereza, akarudi kwao na hati nyingi za Kiarabu. Mwaka 1671 mwanawe, aliyeitwa Edward Pococke vile vile, alichapisha Oxford hadithi ya Hayy kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kilatini. Ikasomwa Ulaya nzima. Mwaka 1708 Simon Ockley akaifasiri kwa Kiingereza moja kwa moja kutoka Kiarabu. Miaka 11 baadaye, mwaka 1719, Daniel Defoe akatoa Robinson Crusoe, habari za mtu aliyetupwa peke yake kisiwani.

Tuseme ukweli, kwa kuwa ndio ada ya wenye elimu. Defoe alikuwa na kisa kingine karibu yake, cha baharia Alexander Selkirk aliyeokolewa mwaka 1709 baada ya miaka minne na zaidi katika kisiwa kitupu, na wataalamu hawajakubaliana kama Defoe alimsoma Ibn Tufail. Lakini kitabu kilikuwa mjini mwake na kwa lugha yake, na kilichotangulia kimetangulia.

Kutoka kwa Crusoe njia ya kwenda Mirihi ni fupi. Mwaka 1964 Byron Haskin alitengeneza picha ya Robinson Crusoe on Mars, akaipiga katika Bonde la Mauti huko California. Mwanaanga wake anabaki na nyani mmoja, anagundua mawe ambayo yakichomwa hutoa hewa, na nyani ndiye anayemwonyesha maji. Mwaka uliofuata, Julai 1965, chombo cha Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi kikaleta picha za kweli, na ikaonekana kwamba nchi ile ni kavu na hewa yake ni nyembamba mno kwa mtu. Picha ya mwaka 2015, The Martian, ya Ridley Scott, ilifuata elimu hiyo mpya: mwanaanga wake analima viazi ndani ya hema lililozibwa. Na mchanga mwekundu wa Mirihi tunaouona humo ni wa Wadi Rum, katika nchi ya Jordan. Wamarekani walipotaka ulimwengu mwingine, walikwenda kuutafuta jangwani kwa Waarabu.

Sasa tupime. Mwanaanga wa senema anafika na elimu ya kwao kichwani, na vyombo, na vitabu, na sauti za kwao redioni. Hayy hakuwa na chochote, hata jina la kitu. Mwanaanga anataka jambo moja, kurudi nyumbani, na akishapanda chombo picha imekwisha na taa zinawashwa, kama zilivyowashwa zamani Majestic, Regal na Naaz siku za Idi. Kwa Ibn Tufail tumbo likishashiba ndipo hadithi inapoanza. Hayy hataki kujua atarudi vipi. Anataka kujua aliyemweka pale ni nani, na anadaiwa nini. Anaona kwamba anadaiwa huruma. Mmea uliofunikwa kivuli anauondolea kivuli, mnyama aliyechomwa na mwiba anamtoa mwiba, na tunda akilila anaihifadhi mbegu yake ili aina ile isipotee katika kisiwa.

Alipofikia miaka 50 akaja Asal, mcha Mungu wa kisiwa cha jirani aliyetafuta upweke wa kufanyia ibada. Akamfundisha Hayy kusema. Walipolinganisha waliyonayo, Asal akaona kwamba aliyoyafikia Hayy kwa akili hayapingani na aliyoyaleta Mtume wa mila yao, na Hayy akamsadiki Mtume huyo, akasali na kufunga. Wakaenda pamoja kuwafundisha watu. Watu wakamsikiliza kwa adabu, kisha wakamchoka. Hayy akafahamu kwamba si kila moyo unabeba mzigo mmoja, na kwamba sharia imewahifadhi watu hao kuliko yeye alivyoweza. Akawaomba radhi, akawausia washikamane na dini yao, akarudi kisiwani na mwenziwe.

MWISHO WAKE

Mwaka 1182 Ibn Tufail alipumzika kazi ya utabibu kwa ajili ya uzee, na Ibn Rushd akashika nafasi yake. Mwaka 1184 khalifa Abu Yaaqub alifariki kwa jeraha alilolipata vitani Santarem, nchini Ureno, nchi ya wale wale ambao mwaka 1593 walianza kujenga ngome yao hapa Mombasa. Mwaka uliofuata, 1185, sawa na mwaka 581 wa Hijra, Ibn Tufail alifariki Marrakesh. Khalifa mpya, Yaaqub al-Mansur, alihudhuria maziko yake.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1195, khalifa huyo huyo alimfukuza Ibn Rushd mjini na kuamrisha vitabu vyake vya falsafa vichomwe. Alikuja kumsamehe, lakini Ibn Rushd hakuishi sana, akafariki mwaka 1198. Mwalimu alikuwa ameliona jambo hilo kabla halijatokea. Fikira zake alizitia katika hadithi ya mtoto na paa, na hadithi hiyo hakuna aliyeichoma. Ilisubiri katika hati, ikavuka bahari, ikazaa nyingine.

Kwa hivyo kijana wetu wa Shimanzi alikosea kusema kwamba hatuna letu katika picha zile. Lakini hata akijua hivyo asijisifu bado, maana urithi usiosomwa ni kama sanduku lililotupwa baharini, humfaa aliyeliokota. Wazungu walikiokota kitabu hiki Halab wakakifanyia kazi. Ni heri nasi tukisome na watoto wetu, kwa Kiswahili chepesi, mabarazani na madrasani, ili siku wakimtazama mwanaanga wa Mirihi akihesabu viazi vyake waweze kumwuliza lile ambalo Hayy alijiuliza baada ya kushiba.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Tufail na amlaze mahali pema. Amin.